Brendi imenigeuza mfanyakazi wake, nikisema kitu naonekana nimeanza kujiona staa

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu ulifiche maana hawa watu wananifuatilia kila mahali na sitaki ugomvi. Mi natengeneza kontenti, najitegemea, sina meneja sina ejensi, ni mimi na simu na taa na laptopu inayopiga kelele kila nikianza kuedit. Wafuasi wangu sio wale wengi wa kutisha ila wananisikiliza, wanauliza maswali, wakinunua kitu wanarudi kuniambia kilivyowakaa, na nadhani hicho ndo kilifanya hii kampuni ya vipodozi vya ngozi initafute.

Tulianza vizuri kabisa. Karatasi tuliyosaini ni ukurasa mmoja, inasema video mbili kwa mwezi kwenye akaunti yangu pamoja na stori za kuzisindikiza, na hela yangu, basi. Anayeshughulika na mimi ni kijana wao wa masoko, mchangamfu, ananiita mamii, na mwanzoni nilimpenda maana hana mambo ya kiofisi ofisi. Sasa huo uchangamfu ndo umenimaliza. Voisi noti saa tano usiku, "mamii uko macho?", nisipojibu asubuhi nakuta alama za kuuliza tatu peke yake. Kila wiki kuna "kastori kamoja tu, dakika mbili" ambako hakako kwenye makubaliano. Skripti anaikubali mwenyewe, narekodi, naedit, natuma, afu anarudi bosi kasema ucheke mwanzo, narudia, bosi kasema nguo haijakaa poa, narudia, afu mwisho wa siku wanaamua ile ya kwanza ndo ilikuwa bora. Mwezi uliopita akaomba nimpandishie Drive klipu zote ghafi, hata zile nilizokosea, eti za kumbukumbu. Nikampa.

Juzi kati mfuasi wangu mmoja akanitumia skrinshoti, ni sura yangu kwenye tangazo la kulipia, wamekata video yangu ya zamani wakaweka maandishi makubwa "chunusi kwisha ndani ya siku 7". Anti mimi sijawahi kusema hivyo! Nilisema inalainisha ngozi na haina harufu kali, hayo tu. Akaniuliza dada ni kweli? nikakosa cha kumjibu.

Juu ya hapo wanataka niache kuweka ile lebo ya ushirikiano wa kulipiwa eti inaua watazamaji, wamenikataza kazi ya sabuni ya kampuni nyingine eti sisi ni familia, na hela ya mwezi uliopita haijaingia, nikiuliza naambiwa uhasibu wanashughulikia.

Karibu nusu ya kipato changu inatoka kwao. Rafiki yangu mmoja anasema vumilia, kuna foleni ya watu wanaitaka nafasi yako. Mwingine anasema waanike mtandaoni na skrinshoti zote. Mi sitaki kuwapoteza ila sitaki kuendelea hivi pia. Nawawekeaje mipaka bila kuonekana nina kiburi?

Nimechoka Kuitika

*

Marahaba mwanangu,

Umenielezea voisi noti za usiku kwa kirefu, afu lile tangazo ukalipitia katikati kama vile ni moja ya usumbufu tu. Mi nalitoa hapo nalileta mbele. Mtu kukuita mamii saa tano usiku ni kero, inasubiri. Sura yako kuahidi chunusi kuisha ndani ya siku 7 haisubiri hata kesho, kwasababu yule dada aliyekuuliza hakuiuliza kampuni, kakuuliza wewe. Akinunua ngozi ikabaki vilevile, kampuni itatafuta sura nyingine, wewe utabaki na wafuasi wasiokuamini. Na sio suala la aibu peke yake. Nchi nyingi sheria za matangazo hazimwangalii mwenye bidhaa tu. Marekani kwa mfano, FTC, wale wa serikali wanaolinda walaji, wamesema wazi kwenye miongozo yao, waliyoirekebisha 2023, kwamba hata mtu anayependekeza bidhaa kwa kulipwa anaweza kubanwa kwa madai ya uongo. Wewe hukuyasema hayo maneno, sawa, lakini tangu umeyaona ukikaa kimya unaanza kuwa sehemu yake.

Kwahiyo leo, kabla hujamwandikia mtu yeyote, fungua Maktaba ya Matangazo ya Meta, ni ya bure na haihitaji ruhusa ya mtu, andika jina la kampuni utaona matangazo yote wanayoyaendesha Facebook na Instagram kwa sasa. Kila moja lina namba yake na tarehe lilipoanza kuonyeshwa. Piga skrinshoti, namba ionekane na tarehe ionekane. Fanya hivyo mapema kwasababu tangazo la bidhaa likizimwa mara nyingi linapotea humo, na ukianza kulalamika ukiwa huna ushahidi utaambiwa ni tangazo gani, hatulioni. Na usishangae ukikuta yako mengine ambayo hakuna mfuasi aliyekutumia.

Afu tuma hii, kwa barua pepe, sio WhatsApp, na nakala mpelekee mtu wa juu ya huyo kijana kama unamjua:

"Habari za leo. Nimeona tangazo mnaloliendesha lenye video yangu, limeongezewa maandishi kwamba chunusi zinaisha ndani ya siku 7. Sikusema hivyo na siwezi kulithibitisha. Naomba lishushwe leo pamoja na mengine yote yaliyotumia sura yangu. Makubaliano yetu ni video kwenye akaunti yangu, hayahusu matangazo ya kulipia wala kuhariri kazi yangu. Mkihitaji kuitumia kwenye matangazo niko tayari tujadili muda na malipo, kwa video kama nilivyoitengeneza. Skrinshoti nimeambatanisha."

Umeona hamna samahani humo, hamna "najua mko bize", hamna "sijui kama nimekosea kuelewa". Hamna matusi pia. Wakigoma kushusha, Meta na TikTok wote wana fomu ya kuripoti kazi yako kutumika bila ruhusa, unaijaza na skrinshoti zako unasubiri.

Sasa kuhusu kazi ni ya nani. Watu wengi wanaamini brendi ikishalipa basi video ni yao wafanye watakavyo. Sio lazima. Kwenye nchi zilizojiunga na Mkataba wa Berne, ule wa 1886 unaolinda kazi za sanaa na maandishi, na ni nchi karibu zote, hakimiliki inazaliwa pale pale kazi inapotengenezwa bila kusajili popote, na kwa mtu anayejitegemea kama wewe nchi nyingi inabaki kwako mpaka uiachie kwa maandishi, ila sio zote, angalia sheria ya kwako inasemaje. Ndo maana nakuambia rudi usome ule ukurasa mmoja taratibu, neno kwa neno. Unatafuta vitu kama "haki zote", "milele", "dunia nzima", "njia zote zilizopo na zitakazobuniwa baadae". Nimekaa miaka upande wa pili wa meza, upande wa brendi, na nakuhakikishia hiyo sentensi mara nyingi inabandikwa tu kutoka mkataba wa zamani, hakuna aliyefikiria anaihitaji kweli, na ukiomba iwe miezi mitatu kwenye mitandao miwili wanakubali bila hata kikao. Ila lazima uombe. Kama haimo kabisa, na ulivyoielezea inaonekana haimo, basi walichokifanya hawakuwa na ruhusa nacho na wanasheria wao watalielewa hilo haraka kuliko huyo kijana.

Toka sasa kichwani mwako tenganisha kutengeneza na kutumia. Kutengeneza video ni bei moja. Kuiweka kwako ni sehemu ya bei hiyo. Wao kuichukua wakaisukuma kwa hela ni bei nyingine, na hiyo bei inaenda na muda, kama pango la nyumba. TikTok yenyewe imejengwa hivyo, brendi ikitaka kuisukuma posti yako kupitia akaunti yako inabidi uwape kodi, yaani msimbo wa ruhusa, sio kodi ya nyumba, na unapoitengeneza unachagua mwenyewe, siku 7, 30, 60 au 365. Akikuambia "nitumie kodi tu mamii" anakuomba ruhusa ya matangazo, sio kitu kidogo. Mpe ya 30, ikiisha alipie nyingine.

Lebo ya ushirikiano wa kulipiwa hii haina majadiliano, wala usiipangie bei. Instagram wameileta tangu 2017 na sheria zao wenyewe zinataka uiweke ukilipwa, TikTok nao wana swichi yao. Anayekuomba uitoe anakuomba ubebe kosa la wote wawili halafu video ikishushwa ishushwe kwenye akaunti yako sio yake. Mjibu kwa mstari mmoja: "Lebo inabaki, ni masharti ya mtandao na wafuasi wangu wameizoea." Na kuificha mwisho kabisa katikati ya hashitegi kumi na tano ni kuificha tu, usikubali hiyo kama suluhu ya katikati.

Haya, tumalizane na huyo kijana. Mi sidhani ni mtu mbaya. Ana bosi anayebadilisha mawazo, ana malengo ya mwezi, na ana wewe ambaye unaitika muda wowote bila gharama. Angekuwa mwingine angefanya vilevile. Kitu cha bure kinaombwa bila kikomo mwanangu, na dawa yake sio kukasirika wala kumpa somo refu kuhusu heshima, ni kukiwekea bei. Akikuambia kastori kamoja, usiseme hapana na usieleze ulivyochoka, andika: "Inawezekana. Stori ya ziada ni kiasi hiki, naiingiza kwenye invoisi ya mwezi huu. Nianze?" Halafu tulia. Mara nyingi hatajibu, na kimya chake kitakuonyesha kale kastori hakakuwa na umuhimu wowote. Akijibu ndiyo, umelipwa. Vyovyote vile kiburi hakijaonekana popote.

Voisi noti, weka WhatsApp Business, ina sehemu ya kupanga saa za kazi na ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa nje ya saa hizo. Ila hiyo programu haitasaidia kitu kama we mwenyewe saa tano na nusu unajibu "eeh niko macho". Ukiwa macho kaa macho na mambo yako. Asubuhi isikilize, halafu muandikie ulichokisikia: "Nimekuelewa hivi, unataka mwanzo ubadilike na chupa ionekane kabla ya sekunde ya tatu, ni hayo tu?" Lazima iwe maandishi, kwasababu voisi noti ya dakika nne ina maombi matano ndani yake na siku ya ugomvi hakuna atakayekubali kuisikiliza tena.

Marekebisho ndo panapokuibia muda kuliko vyote, maana ukigawa hela yako kwa masaa uliyorudia utalia. Hapo kosa liko kwenye mpangilio wao. Bosi anaiona video ikiwa imeshaisha, wakati alitakiwa kuiona ikiwa skripti. Kwahiyo waambie skripti inapita kwa kila mwenye neno la mwisho kabla hujawasha kamera, ikishakubaliwa kwa maandishi unarekodi. Baada ya hapo marekebisho raundi mbili, yanakuja kwa mkupuo kutoka kwa mtu mmoja, na ni ya kuedit, kukata hapa, kubadilisha maandishi, kupunguza muziki. Kurekodi upya kwasababu bosi kaota rangi nyingine ya nguo ni kazi mpya. Ila kama kosa ni lako, umetaja jina la bidhaa vibaya au umeruka kitu kilichokuwa kwenye maelekezo, hilo rudia bure na usihesabu raundi.

Klipu ghafi usitoe tena. Humo kuna wewe unarekebisha nguo, unakosea, unasema "hii chupa mbona haifunguki", na sasa umeshaona zinavyoweza kushonwa zikawa kitu ambacho hukusema. Zile ulizopandisha Drive, kama folda ni yako, ondoa ruhusa leo. Kuna brendi zinazinunua kwa haki kabisa na wanalipa, hao hawakuambii ni za kumbukumbu.

Kazi ya sabuni. Kama karatasi haisemi usifanye kazi na washindani, hujafungwa, na neno familia halifungi mtu. Wakitaka uwe wao peke yao walipie, waandike ni bidhaa za aina gani, kwa muda gani, maana ukiacha "washindani wote" utakuja kukatazwa mpaka mafuta ya nywele. Ila hapa nina langu moja: usiposti sabuni ile siku mbili baada ya video yao. Kuna watu watakukomenti "jana si ulisema hii ndo bora" na watakuwa na haki. Achia nafasi, kwa ajili ya wafuasi wako, sio kwa ajili ya kampuni.

Sasa kuwapoteza. Nikikuambia hawataondoka nitakuwa nakudanganya, wanaweza kuondoka. Kwahiyo usiwamwagie yote siku moja. Tangazo na lebo ni leo, hayo hayajali mkataba unaisha lini. Saa za kazi na bei za ziada anza nazo kimya kimya wiki hii hii, huhitaji kutangaza, unafanya tu. Mengine yote, raundi mbili, muda wa matumizi, washindani, nusu ya hela kabla ya kuanza, yaweke kwenye karatasi mpya ya kurasa mbili na uilete mkataba ukikaribia kuisha, muda ambao wao ndo wanakuhitaji useme ndiyo. Na katikati hapo mjibu yule wa sabuni. Mtu mwenye mteja mmoja mkubwa anaongea kwa woga hata akiandikiwa maneno na mwanasheria, atakayekupa ujasiri ni mteja wa pili.

Rafiki anayesema uvumilie, hiyo foleni ipo kweli, lakini hao kwenye foleni hawana wafuasi wako, na kampuni ilikufuata yenyewe. Anayesema waanike, huyo usimsikilize kabisa. Brendi nyingine zinasoma pia, zinajiuliza siku tukigombana na sisi itakuwaje, na ukiandika neno moja lisilo sahihi wao ndo watakuwa na kesi sio wewe. Yule dada mjibu tu kwa ukweli: "Hapana, mimi sikusema hivyo, nimewaambia walishushe." Inatosha, na akiuliza mwingine mjibu hivyo hivyo.

La mwisho ni hela. Usiichanganye kwenye ile barua ya tangazo, watakuja kukuambia malipo yamesimama mpaka hilo suala liishe. Iandikie barua yake. Na usiitume tena kwa kijana wa masoko, yeye halipi mtu, muombe jina na barua pepe ya anayelipa uhasibu, muulize huyo kama invoisi imeingia kwenye mfumo wao na kama kuna namba ya oda, ile wanayoitoa wao wakiagiza kazi, inayokosekana, maana invoisi nyingi zinalala kwa kukosa hiyo namba tu. Invoisi inayofuata iandike tarehe ya mwisho ya kulipa na riba ikichelewa. Usione aibu, Uingereza kuna sheria tangu 1998 inayompa mfanyabiashara haki ya kudai riba akicheleweshewa na mfanyabiashara mwenzake, asilimia 8 juu ya riba ya benki kuu yao, na jiji la New York tangu 2017 ukimpa kazi mtu anayejitegemea bila kutaja tarehe ya malipo unatakiwa umlipe ndani ya siku 30 tangu amalize. Wewe kwako angalia sheria inasemaje, ila hata isiposema kitu, mkiandikiana mmekubaliana. Na video ya mwezi huu irekodi, iedit, waonyeshe ikiwa na jina lako limekatiza katikati ya picha, usiiposti mpaka ya mwezi uliopita iingie.

Anti